Sikio la Aidah na Gazeti la Mwalimu

Kama hujawahi kusomewa habari za dunia kutoka kwenye mguu wa suruali, basi hukulelewa na Fundi Yahya.

Yahya alikuwa fundi cherehani pale Busia mjini, kwenye baraza la duka la Mzee Ramathan, hatua chache kutoka barabara inayoingia Uganda. Mwaka ule wa 1973 kila kijana aliyejihesabu kijana alitaka suruali pana miguuni, zile za kufagia barabara bila kuajiriwa na baraza la mji, na Yahya alizishona mpaka vidole vikaota sugu. Kila mteja alikuja na ukubwa wake, na kila ukubwa Yahya aliukata kwanza kwenye gazeti kuukuu kabla hajagusa kitambaa. Ukiharibu gazeti umeharibu gazeti. Ukiharibu kitambaa cha mtu wa Busia, tafuta mji mwingine. Kwa hiyo ukutani nyuma yake kulikuwa na magazeti yaliyoning'inia kwa umbo la binadamu: miguu, mikono, kola, mifuko, na kiuno kimoja kipana ajabu ambacho kila mtu alijua ni cha nani ila hakuna aliyethubutu kumtaja.

Magazeti hayo aliletewa na Omagor, fundi baiskeli aliyegawana naye baraza. Omagor alikuwa mtu wa Malaba, na kila Jumatatu alifika na furushi aliloomba kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Hakutaka shukrani. Yeye alijilipa kwa mdomo: ile haki ya kumcheka Yahya kuanzia asubuhi mpaka jua linakuchwa.

Na cha kucheka kilikuwepo. Yahya alikuwa anamsomea mtoto.

Jambo lenyewe lilianza bila mpango. Bintiye Aidah alikuwa wa miezi minane hivi, Zainabu mkewe anakaanga mandazi pembeni, mikono yote miwili kwenye unga, na mtoto analia kilio cha kufukuza wateja. Kumwimbia hakukuwezekana, maana sauti ya Yahya ya kuimba ilikuwa imepigwa marufuku na mkewe tangu wiki ya arusi. Basi akavuta karatasi iliyokuwa karibu, ikawa ni mkono wa shati, akaanza kusoma kwa sauti bei ya pamba. Mtoto akanyamaza. Akamkazia macho mdomoni kama mtu anayesubiri uji ushuke jikoni. Siku ya pili akasomewa mvua itakavyonyesha Nyanza na Magharibi, akapiga makofi.

"Fundi," Omagor akasema kutoka chini ya baiskeli, "huyo hata meno hana. Hiyo bei ya pamba atafanyia nini?"

"Atauza akikua."

"Msomee na ya ng'ombe, basi, nije nipose."

Yahya hakuacha. Aidah alipojua kukaa mwenyewe akapewa kigoda. Lakini upande wa gurudumu la cherehani Zainabu aliuharamisha, kwa sababu siku moja gurudumu lile lilikula pindo la gauni la mtoto na nusura limle mwenyewe. Kwa hiyo kigoda kikawekwa ng'ambo, baba huku, mtoto kule, cherehani katikati yao kama ofisi ya forodha kati ya nchi mbili. Karatasi inalazwa juu ya meza ya cherehani, kidole cha Yahya kinatembea chini ya maneno, na macho ya Aidah yanakifuata kutoka upande wa pili.

Shida ya habari za Yahya ilikuwa moja tu: mkasi. Hakuna iliyofika mwisho. Kuna mwizi wa kuku aliyekimbizwa kwa safu mbili nzima, na alipofika ukingoni mwa mto, hapo ndipo kiuno cha suruali kilipokatwa.

"Halafu?" Aidah akauliza. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu.

Yahya akatazama karatasi, akatazama ukutani kama mguu wa pili wa suruali unaweza kuwa na habari. Haukuwa nayo. Basi akatunga. Akasema mwizi aliruka mto lakini kuku mmoja alikataa kuruka, akabaki kutoa ushahidi. Aidah akafikiri. Akauliza kuku alisema nini. Yahya akamrudishia swali, wewe unadhani alisema nini, na kabla ya adhuhuri kesi ya kuku ilikuwa imesikilizwa, mwizi amefungwa, na kaptula ya mtu wa posta haijaguswa. Kesho yake Yahya akijisahau akabadilisha mwisho, mtoto alimkatiza. Jana ulisema aliruka, leo anaogelea vipi?

Mtoto akajaa maneno mpaka yakawa yanamwagika. Alipokuwa na miaka minne, mama mmoja alikuja kununua mandazi akauliza kama ni ya leo. Aidah akamjibu kwamba habari hizo bado hazijathibitishwa. Zainabu alicheka mpaka akaunguza sufuria nzima, na Omagor akaanzia hapo kumwita mtoto "DC", akimpigia saluti kwa spana kila asubuhi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Desemba ya mwaka ule, serikali ilipotangaza kwamba ada imefutwa kwa madarasa manne ya chini kuanzia Januari. Redio ya Mzee Ramathan ilipotoa habari hiyo, baraza zima lilisimama. Yahya aliacha mguu kwenye cherehani na sindano ikajishonea yenyewe. Aidah alikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa. Yahya akaona kila kitu kimenyooka.

Kisha akaja Ziada.

Ziada alikuwa dada mkubwa wa Yahya, ameolewa Matayos, anauza samaki wakavu sokoni. Alikuja akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni, Kassim, mnene na mwenye dharau usoni kama karani wa ardhi. Akanywa chai, akala mandazi manne, akasema lililomleta. Biashara imemshinda kwa sababu ya kumbeba huyu. Anataka msichana wa kumshikia mtoto, na msichana mwenyewe ni Aidah. Hakuomba. Shangazi haombi mtoto wa kaka yake, anakuja kumchukua, na pale nyumbani kwao hakuna aliyewahi kubishana na hilo.

Zainabu aliinamisha kichwa. Yahya akakohoa, akasema mtoto anaingia shule Januari.

"Ameshaandikwa?"

Hajaandikwa, Yahya akakubali.

"Basi tusigombane," Ziada akasema. "Siku ya kuandikisha nitakuja. Shule ikimchukua, imemchukua, mimi nitanyamaza. Isipomchukua, tunaondoka naye palepale. Hata nguo zake zifungwe mapema."

Yahya akasema sawa. Alisema sawa haraka, kama fundi anayekubali kazi kabla hajakiona kitambaa. Dada alipoondoka ndipo alipokumbuka sikio.

Siku zile vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wachache, na mwalimu hakuwa na njia ya kujua umri wa mtoto ila ile moja. Mkono wa kulia unapita juu ya utosi, unashuka, unashika sikio la kushoto. Ukishika, umri umetimia, ingia. Usiposhika, rudi kwa mama yako ukale ugali. Yahya akamwita Aidah, akamwambia ajaribu. Vidole vikavuka utosi, vikaanza kuteremka, vikaishia njiani. Yahya akachukua futi yake ya kamba, akapima nafasi iliyobaki.

Inchi moja na robo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yahya alikuwa fundi, na kwa fundi inchi moja na robo ni kitu cha kurekebishwa. Akaanza kazi jioni ileile. Kila siku Aidah alining'inizwa kwenye boriti ya Mzee Ramathan kwa mkono wa kulia, akihesabiwa mpaka thelathini, huku akiwasomea wapita njia matangazo ya sabuni aliyoyajua kwa kichwa. Akalishwa dagaa, kwa sababu dagaa wana kalisi ya kurefusha mifupa, na akalishwa maziwa ya jirani, kwa sababu ng'ombe wa jirani alikuwa mrefu. Omagor akajitolea kumnyoosha kwa koleo la kunyooshea spoki. Zainabu akamwambia amnyooshe kwanza mke wake aone.

Baada ya wiki tatu Yahya akapima, akatangaza kwamba mkono umeongezeka sehemu ya nane ya inchi. Zainabu akapima tena. Futi ilikuwa imekunjika.

Hapo Yahya akakaa chini, akafikiria kifundi. Suruali ikiwa fupi na kitambaa kimekwisha, unamtazama mvaaji. Mkono haurefuki, sawa. Je, kichwa hakiwezi kupungua? Akamtazama bintiye: kichwa kizima kimejaa nywele nene, zimesukwa, zimesimama. Zile nywele mkono unazipanda na kuzishuka kama mlima. Akachukua wembe. Zainabu aliporudi kutoka sokoni alimkuta mtoto wake anang'aa kama yai, na mumewe anaruka na futi mkononi akisema amepata robo tatu, robo tatu nzima.

"Imebaki nusu," Omagor akahesabu. "Lakini sikio lenyewe bado. Hilo mnaweza kulivuta juu."

Zainabu hakucheka. Walipokuwa wanafunga kazi, alimuuliza mumewe kwa upole kinachomtesa ni nini hasa. Mtoto kukaa kwa shangazi yake mwaka mmoja si kifo. Hata yeye Zainabu alilelewa hivyo, akashika watoto wa watu mpaka umri wa shule ukampita, na yuko hai. Yahya akakunja futi, akaikunjua.

"Wewe uko hai," akasema. "Lakini kila barua ikija unaniletea mimi nikusomee."

Zainabu akasema kesho yake wamwongezee maziwa.

Siku ya kuandikisha, shule ya msingi iliyoko njia ya Matayos ilifurika kama soko la mnada. Ada ilipokuwepo wazazi walikuwa wanachagua nani aende. Sasa walileta wote. Walikuwepo watoto wanaobebwa, na walikuwepo wanafunzi watarajiwa wenye dalili za ndevu, ambao hawakuombwa washike sikio, maana wangeweza kushika sikio la mwalimu. Yahya alipanga foleni tangu alfajiri, Aidah mabegani ili asikanyagwe, upara wake ukimeta juu ya umati. Ziada naye alifika na Kassim mgongoni na kikapu kitupu mkononi. Kikapu kile Yahya alikitazama mara moja tu, akageuza uso. Kilikuwa cha kubebea nguo za Aidah.

Ofisini aliketi mwalimu mkuu, Mwalimu Bwire, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi tangu tangazo la Desemba. Meza yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo aliitandika gazeti, na juu ya gazeti akaweka rejista, chupa ya wino na kengele. Mlangoni alisimama Mwalimu Rosebella wa darasa la kwanza, akimlalamikia bila kupumua. Watoto mia moja na ishirini na sita. Vitabu kumi na kimoja. Yeye si nabii wa kugawa samaki.

"Wagawanye makundi," Bwire akasema bila kuinua kichwa. "Anayefuata."

Yahya akamteremsha Aidah mbele ya meza. Mwalimu akatoa amri. Mkono ukapanda, ukavuka utosi uliong'aa, ukashuka kwa juhudi zote za boriti, dagaa na maziwa. Aidah akauma mdomo. Yahya, bila kujijua, alikuwa naye ameinua mkono wake anavuta. Vidole vikafika juu ya sikio, vikasimama hapo, kama msafiri aliyefika mpakani bila pasi.

"Mwaka kesho," Mwalimu Bwire akasema.

Yahya akaanza kusihi. Akasema ni nusu inchi tu. Akasema mtoto ni mwerevu, muulizeni lolote. Akasema mkono wa familia yao hukua ghafla, hata yeye mwenyewe ulimjia kwa siku moja. Mwalimu akamsikiliza, akavua miwani.

"Fundi, hii suruali nimevaa ni wewe ulishona. Ulipima au ulikadiria?"

"Nilipima, mwalimu."

"Basi hata mimi nimepima."

Yahya akageuka, akamwona Ziada ameshaingia mlangoni, mkono umenyooshwa, si kwa ukali, kwa namna ya mtu aliyengoja kwa haki na haki yake imefika. Yahya akainama amshike Aidah mkono waondoke.

Aidah hakuwa anawatazama. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu, kidevu kikifika ukingoni, macho yameinama kwenye lile gazeti la kutandikia. Kidole chake kilianza kutembea.

"Mama mmoja wa Khunyangu," akasema polepole, "ali-shangaza watu so-ko-ni, alipomtambua mbuzi wake aliyepotea mwaka ja-na. Alimtambua kwa..." Akainua macho kwa Mwalimu Bwire, amekasirika kidogo. "Mwalimu, wino imekalia. Toa wino nione alimtambua na nini."

Mwalimu Bwire akainua chupa ya wino, taratibu, kama anayeinua kuku juu ya mayai.

"Kwa kumwita jina," Aidah akaendelea, "na mbuzi aka-i-tika." Akacheka peke yake. Akauliza kama mwenye kumwiba mbuzi naye aliitika.

Matangazo ya sabuni yale mtoto aliyajua kwa kichwa, na siku zote Yahya aliamini kwamba hata habari nyingine ni hivyo hivyo, anarudisha alichosikia kama kasuku mzuri. Lakini gazeti hili lilikuwa la jana. Limetoka Nairobi na basi la usiku. Halikupita Malaba, halikupita kwa Omagor, na mkasi wake haukulijua. Mbuzi wa Khunyangu alikuwa mgeni kwake kama alivyokuwa mgeni kwa Aidah.

"Hii amesoma," akasema kwa sauti isiyo yake. "Mwalimu, hii amesoma. Mimi sijawahi kuiona."

Mwalimu Bwire hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kwa heshima akaligeuza gazeti, akamwelekezea mtoto vizuri, akamwonyesha habari nyingine. Aidah akainama. Akakunja uso. Akajaribu herufi moja, akaiacha. Ziada akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Aha," Bwire akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma. "Kuna mtu alimsomea nje kwenye foleni."

"Lakini umeligeuza," Aidah akasema. "Sasa liko kichwa chini."

Mwalimu Rosebella alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaweka mkono mdomoni. Yahya alikuwa wa pili, na kilichompata hapo ni aibu na furaha kwa pamoja, kama mtu aliyeshona shati zuri kuliko yote maishani akaweka vifungo mgongoni. Akaona cherehani. Akaona kigoda ng'ambo, miaka mitano ya kidole chake kikitembea, na macho ya mtoto yakifuata kutoka upande wa pili. Akawaeleza yote huku mikono ikichora hewani: gurudumu, gauni lililoliwa, amri ya Zainabu. Kosa ni langu, akasema, nilimkalisha vibaya.

Mwalimu Bwire aliinama chini ya meza, akatoa sandukuni kitabu kipya cha darasa la kwanza, kimoja cha vile kumi na kimoja, bado kinanukia gundi. Akakifungua katikati. Akakilaza kikimtazama yeye mwenyewe.

Aidah akasoma ukurasa mzima. Alisoma kwa kujikwaa, akaruka neno moja refu, akalirudia mpaka likakubali. Ulihusu watoto wanaochota maji. Mwalimu akamuuliza walikuwa wangapi, akajibu. Akamuuliza kwa nini mdogo alilia, akajibu kwamba kitabu hakikusema, lakini yeye anadhani mtungi ulikuwa mzito na kaka zake wanajifanya hawaoni. Mwalimu Bwire akafunga kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na usingizi mzuri.

Kisha akakumbuka kazi yake. Akasema pole sana. Akasema agizo la ofisi ya elimu halisemi kusoma, linasema sikio. Mkaguzi akija akakuta mtoto hajashika sikio, atakayeshikwa sikio ni yeye mwalimu mkuu. Na nafasi hazipo, madawati yamejaa mpaka dirishani.

"Mwalimu," Rosebella akasema, "nikuulize. Watoto wangu mia na ishirini na sita, kitabu kimoja wanazunguka wangapi?"

Bwire akahesabu. Kumi na mmoja, kumi na mbili.

"Na wakizunguka, wanaona wote?"

Jibu Bwire alilijua. Mwalimu yeyote wa mwaka ule alilijua. Kitabu kinawekwa katikati, watoto wanagombania upande wa chini unaosomeka, wenye nguvu wanaupata, wa pembeni wanapinda shingo. Na upande wa juu, ule wa kichwa chini, wanatupwa wale wadogo, wanakaa hapo mwaka mzima wakitazama herufi zinazowapa mgongo.

"Upande wa juu hakuna mtu anaugombea," Rosebella akasema. "Hiyo ndiyo nafasi yake. Mpe. Hatamkanyaga mtu. Na wenzake watakuwa na wa kuwasomea mimi nikiwa kwa kundi lingine, sina mikono kumi na mmoja."

Mwalimu Bwire alitazama rejista muda mrefu. Akatazama kalamu ya wino, akaiweka kando. Akafungua droo, akatoa penseli, akailamba ncha. Akaandika mstari wa mwisho kabisa, chini ya wote: Aidah Yahya.

"Siku mkono ukifika kwa sikio," akasema, "nitapitisha wino juu. Kabla ya hapo mkaguzi akiuliza, huyu amekuja kumletea mwalimu chaki."

Yahya aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono miwili, akautikisa mpaka penseli ikaanguka. Alitaka kusema mengi na yote yakaja kwa wakati mmoja, kwa hiyo akajikuta anaahidi suruali. Mwalimu akakataa suruali. Akamwambia atoke, foleni inamsubiri.

Nje, Ziada alisimama mbele yake.

"Penseli inafutika, Yahya."

"Inafutika, dada. Lakini imeandika."

Walimfuata Rosebella mpaka darasani, wakasimama dirishani pamoja na wazazi wengine waliokuwa wanazuia mwanga. Ndani, fujo. Kundi la karibu na dirisha lilikuwa linasukumana kwa ajili ya upande wa chini wa kitabu, na mvulana mmoja mwenye mabega mapana tayari alikuwa ameuteka akikaa kama chifu. Rosebella akamweka Aidah upande wa juu. Wale watoto wakamcheka upara. Aidah akaangalia ukurasa, akaweka kidole, akaanza.

Walicheka kwa mistari miwili. Mstari wa tatu chifu aliinama kutafuta maneno yanatoka wapi. Wa nne wote walikuwa kimya. Mwishoni mwa ukurasa Aidah akainua kichwa akawauliza wanadhani nini kitafuata, na wakajibu kumi na mmoja kwa pamoja, kila mmoja na lake, mpaka kundi la jirani likaacha kitabu chake likageuza shingo.

Yahya alikuwa anampiga mzazi asiyemjua mgongoni, akimwambia yule ni wangu, yule mwenye upara.

Ziada alitazama mpaka Rosebella alipokuja kuwafukuza dirishani. Kisha akatembea hatua chache, akaweka kikapu chini kwenye nyasi, akamfungua Kassim mgongoni. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu nyingine kabisa. Akamuuliza kaka yake alianza kumsomea Aidah akiwa na umri gani.

"Kama huyo."

"Mimi sijui kusoma, Yahya. Unajua sijui."

Yahya akamwambia ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu, hata Omagor, hasa Omagor. Nusu ya vitu alivyomsomea mtoto havikuwa vimeandikwa. Vilikatwa, naye akatunga. Mkalishe akuone, akasema. Mwambie kitu chochote. Halafu ngoja.

"Ningoje nini? Hana hata neno moja."

"Ngoja tu, dada."

Ziada akaangalia huku na huku kama kuna anayemwona. Akamkalisha Kassim kwenye magoti, uso kwa uso. Akamwambia, kwa haya kidogo, kwamba binamu yake yule mle ndani ameingia shule, hana nywele hata moja, na sasa mama yake Kassim atauza samaki na nani? Akanyamaza. Akangoja. Kassim alimkazia macho, akatazama mdomo wa mama yake, akakunja ule uso wake wa karani, akafikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Yahya alitaka kucheka.

"Bu," Kassim akasema.

Ziada akageuka taratibu, macho yamemtoka.

"Amenijibu," akasema. "Yahya, huyu amenijibu."

Akamgeukia tena mwanawe haraka, akamuuliza: bu, kivipi?